Sahani ya Mama Yumna

Ijumaa, 17 Januari 2025

Mama Maurine wangu,

Leo ni miezi mitano na siku tano tangu niondoke Kariobangi. Najua kwa sababu kila Ijumaa napigilia msumari mmoja kwenye ubao wa kitanda changu, na leo imefika ishirini na mitatu. Alamgir, mtu wa Bangladeshi anayelala kitanda cha chini, anasema ikifika hamsini kitanda kitamwangukia.

Barua hii anakuletea Bwire, yule wa Busia niliyekwambia anakoroma. Mkataba wake umeisha na amebahatika. Simu yangu ilianguka kutoka ghorofa ya tisa mwezi wa Disemba, na simu ya kampuni ina mtu anayekaa kando akisikiliza. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Usicheke mwandiko. Darasa la sita ndilo lililonifikisha hapa, na hata hilo sikulimaliza.

Kazi ni ileile ya mjengo, ila hapa Uarabuni saruji inakauka kabla hujaisawazisha. Nabeba tofali, nachanganya, nabeba tena. Jioni mikono inakataa kufunga vifungo vya shati. Yale mafuta uliyonipakia kwenye kopo la jemu yaliisha, na nimebaki kunusa kopo. Usimwambie mtu.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita nilienda ofisini nikaomba pasipoti yangu nijue tu iko wapi. Wakanionyesha kabati la chuma. Wakasema itakaa humo mpaka mkataba uishe, na mkataba utaisha wakiamua wao. Nikauliza karatasi niliyotia sahihi Nairobi inasema mwaka mmoja, au macho yangu yamekosea? Wakanifukuza.

Nimechoka na Waislamu hawa, Awuor. Waislamu hawa hawana huruma. Mwambie jirani yetu Mama Yumna kwamba ndugu zake, wale aliosema watanilinda kwa sababu ni watu wa kuswali, wamenifungia kama mbuzi wa soko.

Mbusu Maurine. Mwambie meno yakitoka asiyatupe, aniwekee niyaone.

Ni mimi mume wako,
Phares


Jumapili, 9 Februari 2025

Baba Maurine,

Bwire alifika. Ni kweli anakoroma. Alilala kwenye kiti akingoja chai na Maurine akadhani ni jenereta.

Nilisoma barua yako mara mbili nikiwa nimesimama na mara moja nikiwa nimekaa. Hiyo ya kukaa ndiyo iliyoniliza. Nimekutengenezea mafuta mengine, anakuletea Mulwa, kijana wa huku kwetu anayekuja kuanza kazi kampuni ya jirani na yenu. Kopo ni la jemu tena. Hili usilinuse, lipake.

Mzee Naftaly, mwenyekiti wetu wa ploti, aliomba kuiona barua yako, nikampa aisome. Alinirudishia. Nimeiweka salama.

Mama Yumna hajambo. Goti lake linamsumbua ngazi zikiwa na maji. Nilimpa salamu zako.

Maurine ana pengo mbele. Jino tumelifunga kwenye karatasi ya chumvi. Anauliza pasipoti ni nini, nikamwambia ni kitabu kidogo kinachosema wewe ni mtu wa wapi. Akasema, si baba aseme tu mwenyewe.

Kula vizuri. Usigombane na watu wa ofisi. Wewe ukikasirika unatetemeka mdomo na watu wanajua wamekushinda.

Mkeo,
Awuor


Ijumaa, 14 Machi 2025

Nyar Alego, binti wa Alego wangu,

Leo ni miezi saba na siku mbili. Misumari thelathini na mmoja.

Mafuta yamefika. Nimepaka na nikanusa pia, nimekuasi nusu tu. Usishangae mwandiko umelala upande, kalamu ya hapa ni mbaya.

Ni Ramadhani. Kambi yetu ina watu wengi wanaofunga, na mimi nimefunga nao, si kwa dini, ni kwa sababu siwezi kula mkate mbele ya Alamgir akiwa amebeba tofali na midomo yake imepasuka. Yeye ananicheka. Anasema, "Phares, wewe Mkristo mbaya, na Muislamu mbaya zaidi, kwa sababu nimekuona ukinywa maji bafuni." Jioni tunatandika gazeti sakafuni. Anapika dengu kwa vitunguu na kitu cha manjano, tunakula watu tisa kutoka sufuria moja: wa Bangladeshi wanne, Msudani, Wanepali wawili wanaoabudu miungu yao, Mganda mmoja wa Kanisa la Uganda na mimi. Dengu zake zingekufanya unisahau.

Meneja wa kambi alipita juzi akatuona. Ni mtu wa nchi nyingine kabisa, si wa hapa, ana msalaba wa dhahabu shingoni mkubwa kuliko wa askofu wetu. Ndiye anayeshika ufunguo wa kabati. Nilimwomba tena. Akaniambia nimshukuru Mungu nina kazi.

Sahani za Mama Yumna zimeanza kufika? Nimezikumbuka sana leo. Zile mbaazi za nazi, chini ya kawa, na yeye akikohoa kwenye ngazi ili ujue anakuja. Mwaka huu umeweka nini ndani ya sahani ukirudisha? Usiweke omena kama mwaka ule, alinunua paka kwa ajili yake.

Hujaniambia alijibu nini nilipomtumia yale maneno. Alicheka?

Phares wako


Jumapili, 13 Aprili 2025

Baba Maurine,

Barua hii nimeiandika mara tatu na mara mbili nimeitia jikoni. Hii ya tatu nitaituma hata ikiwa mbaya.

Barua yako ya kwanza sikuiweka salama. Mzee Naftaly alipoiomba nilidhani anataka kuisoma kwake. Unajua binti yake Mwongeli alirudi kutoka kazi ya nyumbani huko, na wakati ule alikuwa amekaa wiki tatu haongei, mzee hana usingizi. Akaisoma kwenye mkutano wa ploti, kwa kipaza sauti cha kanisa, maneno yote ila yale ya mafuta, hayo aliyaruka. Alikuwa anakusanya sahihi. Mbunge anataka kupeleka hoja bungeni kwamba serikali yetu isipeleke tena wafanyakazi Uarabuni mpaka mikataba ibadilishwe. Wazee wa hapa wakaongeza yao: Kenya ikate uhusiano na nchi zote za Kiislamu.

Alipofika "Waislamu hawa hawana huruma", watu waligeuka wakatazama mlangoni. Mama Yumna alikuwa amesimama hapo na sinia la mahamri, yale anayotupikia bure kila mkutano. Kijana mmoja wa karakana akasema, "Mathe, si uambie mabrathe wako wamwachilie Phares." Watu wakacheka. Yeye akaweka sinia mezani, akasema, "Kuleni yakiwa moto," akaenda zake. Hakuna aliyekula. Mimi pia sikula, Phares. Nilikuwa karibu nalo kuliko wote.

Kwa hiyo salamu zako sikumpa. Alizisikia kwa kipaza sauti.

Ramadhani ilipoanza akaleta sahani kama kila mwaka, milango yote saba. Mitano haikufunguliwa. Mimi nilifungua kwa sababu nilisikia kile kikohozi na nikajua ameshapanda na goti lile. Tulikula na Maurine. Mbaazi zilikuwa tamu na nilikasirika kwa utamu wake.

Kisha nikaosha sahani, ile ya bati yenye ukingo wa buluu. Mke wa Naftaly alikuwa koridoni akianika nguo, ananitazama. Njugu kutoka nyumbani nilikuwa nazo, bado ziko kwenye mkebe. Sikuziweka. Niliteremka, nikaiacha sahani kwenye kizingiti chake, safi, tupu, wala sikubisha hodi.

Unajua hilo ni nini. Miaka minane katika ploti hii sahani haijarudi tupu. Hata mwaka wa korona niliweka malimau mawili. Yule mama ndiye aliyempokea Maurine kwa mikono yake stima zilipokatika na gari la hospitali likakwama. Hata mtu akikutukana, unaweka chochote, hata chumvi.

Sasa amesema anahama mwisho wa Mei, anaenda Eastleigh kwa kaka yake Saif. Yumna akipita haniangalii. Ni kwa sababu ya sahani yangu. Najua.

Sijui nifanye nini. Niambie wewe, au unitukane, kimojawapo.

Awuor


Ijumaa, 2 Mei 2025

Awuor,

Nilikasirika kidogo. Halafu nikautazama mkono ulioandika barua ile na nikaona ni wangu.

Na kwa kuwa umeniambia ukweli, chukua na wangu. Si kalamu iliyolaza mwandiko. Vidole viwili vya kulia vilibanwa na tofali mwezi wa Machi. Vinapona. Alamgir alivifunga kwa kitambaa chake cha kufunika kichwa, akanibeba mgongoni mpaka kliniki kwa sababu dereva wa kampuni alisema anangoja ruhusa. Sikutaka kukwambia ukiwa peke yako huko. Tumefichana vya kutosha sasa.

Mimi hufikiri polepole, unajua. Wiki mbili nimefikiri nikibeba tofali. Niliandika "Waislamu" kwa sababu nilikuwa na hasira na neno hilo lilikuwa karibu. Lakini pasipoti yangu ilichukuliwa na nani? Mwenye kampuni hatujawahi kumwona, tunaona gari lake. Meneja anayekaa na ufunguo ana msalaba. Wakala aliyetudanganya mkataba Nairobi alituwekea mikono kichwani siku ya kuondoka, akatuombea mpaka akatoa machozi, ulikuwepo, ulisema amina. Na ndani ya kabati lile kuna pasipoti ya Alamgir. Hakosi sala hata moja, hata juu ya jukwaa la mbao ghorofa ya tisa. Yuko hapa miaka tisa. Siku ya Idi wenyeji wakila ndani, yeye alikula nje ya ukuta pamoja nami. Kama nchi hii ni ya Waislamu, mbona haijui kwamba Alamgir ni Muislamu?

Nikajiuliza tena. Ningekuwa nimeenda nchi ya Wakristo nikanyimwa pasipoti, ningekuandikia "Wakristo hawa hawana huruma"? Nisingeandika hivyo. Ningeandika jina la kampuni.

Hoja ya mbunge sijaikataa. Serikali yetu ibanane na serikali ya hapa, hata leo, hata kwa sauti kubwa. Mwongeli aliumizwa na mtu, na mtu huyo ana anwani. Lakini Mama Yumna hana anwani huku.

Nimeweka karatasi ya pili. Itasomwa kwa kipaza sauti kilekile:

"Wazee na majirani wa Kariobangi. Mimi ni Phares, fundi wa mawe. Barua mliyosomewa niliandika mimi, na ndani yake kuna neno nililolitupa kama jiwe gizani. Limempiga mtu wa nyumbani. Lifuteni. Andikeni badala yake: kampuni inayofungia watu pasipoti, wakala anayedanganya, na serikali zote mbili zinazotazama. Mama Yumna si balozi wa mtu. Asanteni."

Kuhusu sahani sikutukani. Nenda ubishe mlango. Hiyo tu ndiyo niliyonayo.

Phares


Jumapili, 18 Mei 2025

Mwanangu Phares,

Anayeandika ni Yumna. Mimi nasema, naye nimemkataza kupamba.

Pole ya vidole. Visiwekwe kwenye maji baridi asubuhi.

Mkeo alikuja kuniomba radhi ya ile sahani. Nikamwambia sahani ni bati, mwanangu, bati halina moyo. Akalia kwenye baraza langu mpaka mahamri yakaungua. Hakuniamini, anadhani nahama kwa sababu yake. Wengine wanadhani ni kwa sababu ya Naftaly. Basi nikwambie wewe, kwa kuwa uko mbali na sitaona uso wako.

Nahama kwa aibu. Mimi ndiye niliyekupeleka huko.

Unakumbuka Awuor alikuwa hataki. Alisema nchi ya watu huijui. Nikamwambia mbele yako, niachie mimi, wale ni ndugu zangu, wanamcha Mungu, wanaelekea kibla ninachoelekea. Nimezaliwa Majengo. Nimeishi Kariobangi miaka thelathini na sita. Safari yangu ndefu ni Mombasa, arusini, na nilitapika njia nzima. Nchi ile naijulia wapi? Nilijua wanaswali, basi. Nikazichukua sala zao nikazifanya dhamana ya mtoto wa mtu.

Siku ile Naftaly aliposoma barua yako, sikuumia kwa sababu umewatukana Waislamu. Niliumia kwa sababu nilisikia, "wale aliosema watanilinda." Hilo lilikuwa kweli. Naftaly ameona kanzu akalaani nchi nzima na mimi pamoja nayo. Mimi niliona kanzu nikasifu nchi nzima na nikajiweka humo. Tumekosea kosa moja, mimi na yeye, kila mtu ameshika upande wake wa kikapu kilekile.

Jana nilisema ukumbini. Awuor atakusimulia. Lakini kusema ukumbini hakukutoi kabatini. Kila nikimwona Maurine na lile pengo nakumbuka nani aliyesema uende. Eastleigh hakuna atakayeniuliza habari zako.

Nisamehe, mwanangu. Ukiniona siku moja njiani, usipite upande mwingine.

Muhiba binti Jumbe,
Mama Yumna wenu


Jumapili, 25 Mei 2025

Baba Maurine,

Yumna alinipa barua ya mama yake niiweke humu. Haikufungwa. Nimeisoma, nisamehe, na nitakwambia nilichofanya baada ya kuisoma, lakini kwanza ukumbi.

Walikuja watu wa mbunge, karani mmoja na kompyuta yake, kuchukua maoni. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mzee Naftaly alisimama na karatasi ya sahihi akasoma, "Tunaomba Kenya ikate uhusiano na nchi zote za Kiislamu." Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono na karatasi yako. Nilisoma yote, Phares, hata pale pa jiwe. Hakuna aliyepiga makofi. Kijana wa karakana alitazama viatu vyake.

Kisha nikasikia kile kikohozi. Mama Yumna alikuwa nyuma, amekuja na buibui lake la Ijumaa. Akamuuliza karani, "Mwanangu, hizo nchi zote za Kiislamu, unazo kwa majina?"

Karani akasema hana.

"Zanzibar imo?"

"Zanzibar ni Tanzania, mama."

"Najua. Nauliza imo? Komoro je? Lamu utaikata kutoka wapi mpaka wapi? Na mimi nikiwa mlango namba tatu, mtanikatia wapi, kwenye ngazi au kwenye bomba la maji?"

Watu wakacheka, lakini si kile kicheko cha kwanza. Mzee Naftaly akasema kwa ukali, "Mama Yumna, mtoto wangu alirudi bila sauti. Wewe unawatetea."

Akamjibu polepole, "Mzee, simtetei mtu. Nipe kalamu. Kama serikali ile inaacha pasipoti ya Phares ifungiwe, ibanwe, na mimi natia sahihi ya kwanza. Serikali si msikiti. Siitetei kwa sababu inaswali, na wewe usiilaani kwa sababu inaswali. Mlaani aliyemgusa Mwongeli. Nitasema amina kubwa kuliko yako."

Mwongeli mwenyewe alikuwa amekaa pembeni na leso kichwani. Akasema, maneno yake ya kwanza kusikika hadharani tangu arudi, "Baba, aliyenipa simu nipige nyumbani alikuwa mpishi wa nyumba ile. Alikuwa anafunga."

Mzee Naftaly akakaa. Karani akauliza aandike nini. Mzee akachukua karatasi yake, akafuta "nchi zote za Kiislamu" kwa kalamu, akafuta mpaka ikatoboka, akaandika juu yake, "serikali zinazoruhusu waajiri kushika pasipoti za watu wetu, na mawakala wa hapa Nairobi." Hilo la mawakala ni lako. Ameliiba.

Mama Yumna akatia sahihi. Ya kwanza, kama alivyosema.

Nilidhani basi atabaki. Lakini Jumatano nikaona masanduku barazani. Halafu Yumna akanipa barua, nikaisoma nikiwa sokoni, nikafunga kibanda changu nikaenda moja kwa moja. Nikabisha, kama ulivyosema.

Nikamwambia, "Mama, naomba ile sahani yenye ukingo wa buluu."

Akasema, "Ya nini? Ramadhani imekwisha."

"Nilisahau kitu ndani yake."

Akanitazama sana. Alikuwa ameshaifunga kwenye gazeti. Akafungua kamba, akaitoa, akanipa. Nikaiweka kwapani, nikapanda juu, nikafunga mlango kwa ufunguo.

Sasa iko kwangu. Kila siku Yumna anakuja: mama anaulizia sahani. Namwambia sijapata cha kuweka. Jana mwenyewe alipanda, akakohoa, akasema gari la kuhamisha linakuja Jumamosi na yeye hahami akiacha chombo chake kwa watu. Nikamwambia, "Na mimi sirudishi tupu mara ya pili. Mwenye kuijaza ni Phares. Ukitaka kuhama, mngoje."

Akasema, "Umenishikia sahani kama kampuni ilivyomshikia mwenzio pasipoti."

Nikamwambia ndiyo, na ufunguo ninao mimi.

Akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka akashika goti. Kisha akaniuliza, "Na asiporudi?" Tukakaa hapo. Gari ameliahirisha.

Kwa hiyo unaona umebebwa na sahani, mume wangu. Toka kwenye kabati hilo.

Awuor


Ijumaa, 18 Julai 2025

Awuor wangu, mwenye ufunguo,

Barua zenu mbili nilizisoma chini ya jukwaa wakati wa chakula. Alamgir aliniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ni habari za sahani. Nikamweleza kwa kile Kiingereza chetu cha mikono. Akasema kwao pia sahani hairudi tupu.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Alhamisi, tulikataa kupanda jukwaani. Watu arobaini na mmoja. Hatukupiga kelele. Tulitembea mpaka ofisi ya kazi ya serikali, tukakaa kwenye kivuli cha ukuta. Nilitetemeka mdomo, kama unavyojua, ila safari hii walitetemeka wengi. Akatoka ofisa, mtu wa nchi hii hasa, kanzu nyeupe, ndevu zimechanwa. Nikasema moyoni, tumekwisha. Akauliza shida ni nini. Msudani akamwambia kwa Kiarabu. Yule mtu akabadilika uso. Akasema sheria yao yenyewe inakataza kufungia mtu pasipoti, na akaingia garini akatuongoza mpaka kambini.

Meneja akasema ufunguo umepotea. Ofisa akasema atangoja. Akakaa kwenye kiti cha meneja, akangoja, na ufunguo ukapatikana mfukoni mwa suruali ya meneja mwenyewe. Ofisa aliniletea kikombe cha maji, akaniuliza kama nimefunga, kwa sababu Alhamisi wengine hufunga. Nikasema mimi Mkristo. Akasema, "Basi kunywa, umesimama sana." Ni yote tuliyozungumza. Na wale wenzake walioacha kampuni hii ifanye hivi miaka tisa, nao ni watu wa nchi hii. Sitaandika tena neno moja la kuwabeba wote.

Kitabu changu kidogo ninacho. Kinasema mimi ni mtu wa Kenya. Mwambie Maurine niliwaambia mwenyewe kwanza, hawakusikia.

Mkataba wangu wa mwaka unaisha tarehe kumi na mbili Agosti na ofisa ameandika kwa mkono wake kwamba niachwe niende. Alamgir anabaki. Ana mwaka mmoja zaidi aliowaahidi watu wa nyumbani. Misumari ni arobaini na tisa. Wa hamsini sitaupigilia, yeye bado analala chini.

Msomee Mama Yumna hapa. Mama, wewe hukunipeleka. Nilipeleka miguu yangu kwa sababu mjengo Nairobi ulikuwa umesimama, na maneno yako niliyapenda kwa kuwa yalinipa moyo. Tukiyahesabu makosa, nina langu lililosomwa kwa kipaza sauti. Usihame. Ukihama nitakufuata Eastleigh na sahani kichwani, nipite barabara nzima ya First Avenue watu wakitazama.

Awuor, cha kuweka ndani nimekipata. Si tende. Kila mtu anarudi na tende kutoka huku, na Mama Yumna atasema zimetoka kwa ndugu zake, tuanze upya. Alamgir amenifundisha zile dengu zake. Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza tisa hawakula, mara ya pili wamekula wanne, jana sufuria imelambwa. Amenifungia kile kitu cha manjano kwenye soksi safi. Nunua dengu, vitunguu na majani ya giligilani, na usiguse chochote. Nitapika mwenyewe, kwa vidole vyangu vinane na nusu.

Nafika Alhamisi, tarehe 14 Agosti, ndege ya asubuhi. Saa saba mchana nitakuwa kwenye ngazi nikikohoa. Sahani isitoke ndani kabla yangu.

Phares